Ajali Hii Ina Kinga

Siku ile mtoto wa jirani yetu alipogongwa, watu waliokusanyika hapo njiani walisema maneno matatu yale yale tuyasemayo siku zote: ajali haina kinga.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, wakati watoto wa chuoni wanapofunguliwa. Huo ndio wakati ambao mtaa wetu hapa kisiwani Mombasa hujaa kama mzinga wa nyuki. Muuza kahawa huanza kugonga vikombe vyake, akina mama hutandaza meza za bajia na viazi karai mbele ya milango, na wazee hutoka kuketi barazani. Na wakati huo huo barabara kuu huziba kwa magari, basi dereva asiye na subira huikata kona akapita kwetu, kwani njia yetu ni ya mkato. Mtoto mwenyewe hajatimiza miaka minane. Alikuwa ameikumbatia juzuu yake kifuani kama alivyofunzwa, asiiachie hata anapokimbia. Pikapu ilipomtupa ukingoni mwa njia, mguu wake ulivunjika mahali pawili. Roho, tunamshukuru Mwenyezi Mungu, ilibaki.

Dereva hakukimbia. Alishuka akatetemeka, akasema hakumuona. Watu wakamzunguka, wengine wakitaka kumpiga na wengine wakiwazuia, hata mzee mmoja akainua mkono akasema, "Muacheni, ajali haina kinga." Na watu wakaitikia kama waitikiavyo dua. Nami niliitikia.

Lakini nyanya yake yule mtoto, aliyekuwa ameketi chini amempakata mjukuu wake huku akingoja gari la kwenda hospitali, aligeuza uso akanitazama mimi katika watu wote. Akaniambia, "Mwanangu, wewe uliyesoma usiseme kama wao. Kinga iko. Kinga ni tuta."

Neno hilo limenikaa moyoni tangu siku hiyo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

MAANA YA AJALI

Ndugu msomaji, sisi tuliolelewa vyuoni tulilijua neno "ajali" kabla hatujajua kuwa kuna magari ya kugongana. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekewa ukomo. Kwa mdaiwa, ajali ni siku ya kulipa deni. Kwa mwanadamu, ni saa yake ya kuiaga dunia. Washairi wetu wa kale walipoitaja ajali, aghalabu walikusudia mauti yenyewe, yale ambayo mfalme hayakimbii kwa jeshi lake wala tajiri hayahongi kwa mali yake. Kwa maana hiyo methali ni ya kweli kabisa. Saa ya mja ikifika, haina kinga.

Kisha zikaja lami na injini, nasi tukalichukua neno hilo hilo tukaliita kila pigo la gari. Mlevi akishika usukani, ni ajali. Breki zikikatika kwa kuwa mwenye gari alikataa kuzitengeneza, ni ajali. Dereva akipita kwa kasi mbele ya chuo cha watoto, hiyo nayo ni ajali. Na kwa kuwa jina ni moja, hukumu nayo tukaifanya moja: haina kinga. Tumemzulia Mungu kazi ya mguu wa dereva.

Mwalimu wangu wa chuoni angetuchapa bakora kwa kuchanganya mambo hivyo. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mola wake. Ngamia asiyefungwa akipotea, mwenyewe hana haki ya kusema imeandikwa.

Tangu mwaka 2021 barabara za Kenya zimeua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote katika hao ni watu waendao kwa miguu. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 1.19 kwa mwaka 2021. Watu wote hao si ngamia waliofungwa wakapotea.

BARUA YANGU NZURI

Basi watu wa mtaani walinijia wakasema, "Wewe ndiwe mwenye kalamu, tuandikie barua ya kuomba matuta." Nikaandika. Nami nakiri, ilikuwa barua nzuri. Ilianza kwa salamu zenye mizani, ikaeleza utu wa mtaa wetu tangu enzi za mababu, ikamlilia msomaji wake kwa niaba ya watoto na vikongwe. Tulipoisoma barazani mzee mmoja alifuta machozi. Watu wakatia sahihi zao, na wasiojua kuandika wakatia dole gumba.

Nikaipeleka ofisini, ofisi ambayo sitaitaja. Karani aliisoma kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mzee, barabara hii ni ya nani?"

Nikamjibu ni yetu. Akacheka kidogo, si kwa dharau, akanieleza. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, nchi yetu ina mamlaka tatu za barabara: ya barabara kuu za kitaifa, ya barabara za mijini, na ya barabara za mashambani. Na serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010, nazo zikapewa barabara zake. Kwa hiyo anayetaka tuta hana budi kwanza ajue njia inayopita mlangoni pake iko katika daftari la nani. Mwenye barabara asipojulikana, barua huzunguka kutoka meza hii hadi meza ile mpaka karatasi inageuka rangi.

Akaniuliza tena: njia ina upana gani? Magari mangapi hupita kwa saa? Watoto huvukia wapi? Maji ya mvua hukimbilia upande gani? Mimi mwenye kalamu sikuwa na jibu hata moja. Barua yangu ilikuwa na kila kitu isipokuwa habari.

Nimeyasimulia haya kwa sababu najua mitaa mingi inaandika barua kama ile yangu, kisha inangoja na kulaumu. Haki ya kuomba tunayo, wala si hisani ya mtu. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa wenye mamlaka, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 15, inamruhusu mwananchi kupeleka ombi lake katika bunge la kaunti. Lakini haki ya kuomba huenda pamoja na kazi ya kueleza.

Tukarudi mtaani. Vijana wawili wakaketi barazani na daftari la shule, kila chombo kikipita wakatia mstari mmoja: safu ya magari, safu ya tuktuk, safu ya bodaboda, safu ya mikokoteni. Kurasa nne zikajaa kwa alasiri moja. Fundi mmoja akaipima njia kwa utepe wake wa seremala. Akina mama, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza lolote juu ya barabara, ndio waliotuonyesha mahali tatu ambapo watoto huvukia, kwa sababu wao huwatazama kila siku. Tukaandika barua ya pili. Haikuwa na mizani, na hakuna aliyelia kuisikia.

HAKI YA NJIA

Nikiwa mtoto miaka ya sabini, njia hii ilikuwa yetu. Tukicheza gololi katikati yake, na chombo cha hatari kilikuwa mkokoteni wa hamali, naye hupiga kelele toka mbali, "Simila! Simila!" ili apishwe. Hamali aliyebeba magunia ya watu alijua kwamba mwenye mzigo mzito ndiye mwenye wajibu wa kuonya. Wazee waliotutangulia walisimulia habari za troli, vile vigari vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba katika mitaa ya Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20, vikiwachukua mabwana wa serikali na matajiri. Hata hizo zilikwenda kwa nguvu za miguu ya binadamu.

Mji wetu ulijengwa kwa kipimo hicho. Atazame mtu Ndia Kuu na vichochoro vinavyoteremka kutoka hapo. Vilipimwa kwa mabega ya watu na mizigo yao. Lamu nao ulipimwa kwa punda, na hata huko pikipiki zimekwishafika, wazee wakashika vichwa.

Chuoni tulifundishwa kwamba njia ina haki yake. Anayeketi kando yake asimuudhi mpitaji, aitikie salamu, ainamishe macho. Na anayekuta mwiba au jiwe njiani akaliondoa, ameandikiwa sadaka. Nilipokuwa mdogo nikiona gamba la ndizi nalisukuma pembeni kwa mguu, nikijihesabia thawabu.

Hapa ndipo palipo na fumbo lililonisumbua. Mtu aliyelelewa kuondoa jiwe njiani, leo anaomba jiwe liwekwe njiani! Nilimuendea shekhe mmoja nikamuuliza. Akanijibu kwa kanuni ambayo wanafunzi wote wa fikihi wanaijua: dhara dogo huvumiliwa ili kuliondoa dhara kubwa. Kisha akanena, "Jiwe lililoko njiani kwenu si tuta. Jiwe ni ile kasi."

TUTA LILIANZIA WAPI

Wako wanaodhani tuta ni ushamba wetu, kwamba nchi zilizoendelea hazina mambo hayo. Wanakosea. Mmoja wa watu wa kwanza kuyachora matuta kitaalamu alikuwa Arthur Holly Compton, mwanafizikia wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1927 kwa utafiti wake juu ya eksirei. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, alichoshwa na magari yaliyokuwa yakikimbia ndani ya chuo, akakaa akabuni matuta ya kuyapunguza mwendo. Mtu aliyeijua siri ya miali isiyoonekana hakuona haya kushughulika na tuta.

Waingereza nao walilifanyia majaribio katika maabara yao ya barabara miaka ya sabini. Wakapata umbo ambalo limeigwa duniani kote: mgongo wa mviringo wenye urefu wa mita 3.7 kwa mwelekeo wa njia, na kimo cha sentimita 10 tu katikati. Gari likienda taratibu hupanda na kushuka kama jahazi juu ya wimbi dogo. Likienda kasi, dereva hujuta.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha Uholanzi. Mwaka 1971 barabara za nchi hiyo ndogo ziliua watu zaidi ya 3,000, na katika hao zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani kwa maandamano, nao hawakuita ajali. Waliita mauaji ya watoto, wakataka yakomeshwe. Kabla ya hapo, katika mji wa Delft, mwishoni mwa miaka ya sitini, wakazi waliochoshwa na magari ya njia ya mkato walianza kuibadili mitaa yao, wakaifanya njia ipinde huku na huku, wakaweka miti na viti, hata gari likalazimika kwenda mwendo wa mtu. Serikali haikubaki kuwapinga. Mwaka 1976 mitaa ya namna hiyo ikatiwa katika sheria. Uholanzi ya baiskeli tunayoisifu leo haikushuka kutoka mbinguni. Ilianza kwa watu wa mtaani walioomba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini. Kwa mwendo huo gari hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Mtoto akitokea ghafla, dereva hushtuka, na kabla mguu haujaifikia breki sekunde hiyo imekwisha kupita. Kwa kilomita 30, sekunde hiyo hiyo humla mita 8 tu. Isitoshe, nguvu ya pigo haifuatani na mwendo sawa kwa sawa: mwendo ukizidi mara mbili, pigo huzidi mara nne. Ndiyo maana mawaziri wa nchi mbalimbali walipokutana Stockholm, Februari 2020, walikubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari huchanganyika, kilomita 30 iwe ndiyo mwisho. Mtaa wetu ni mahali hapo hasa.

TUTA LA USIKU

Sasa nifike mahali ambapo ningependa nisifike.

Barua yetu ya pili ilipokewa ikagongwa muhuri. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa tatu. Kila nikienda naambiwa iko kwa mhandisi. Mtoto akatolewa plasta akaanza kuchechemea kwenda chuoni, na magari yakaendelea kukata kona kama desturi yao.

Usiku mmoja vijana wa mtaani walinipigia hodi. Walikuwa wamekusanya kokoto na mchanga, wakapungukiwa na saruji. Hawakunieleza mengi nami sikuuliza mengi. Nikatia mkono mfukoni nikawapa pesa za mfuko mmoja. Asubuhi palikuwa na tuta mbele ya chuo, refu la kimo, jembamba, kali kama ukingo wa kisima. Tulifurahi. Magari yalifika yakasimama, yakapanda kwa kulalamika. Nyanya wa yule mtoto akanitumia sahani ya mahamri.

Furaha ile haikutimiza wiki mbili. Alfajiri moja, kabla taa za nyumba hazijawashwa, kijana wa bodaboda aliyekuwa akipeleka mikate madukani alilijia tuta lile gizani. Halikuwa na rangi nyeupe, wala kibao cha kuonya, wala taa juu yake. Tulisikia kishindo tukitoka msikitini. Mikate ilitapakaa mpaka ndani ya mfereji, na kijana amelala ubavuni, mfupa wa bega umevunjika. Alikuwa mtoto wa mtaa wa pili. Baba yake nilisoma naye chuo kimoja.

Nilikwenda kumtazama hospitali. Nilikuwa nimeandaa maneno, kama kawaida ya watu wa kazi yangu. Yeye akanitangulia, akasema kwa sauti ya chini, "Ami, mimi sikuwa mbio. Ila halikuwa na rangi."

Je, ningemjibu nini? Ningemwambia ajali haina kinga? Mfuko mmoja wa saruji uliokuwa ndani ya tuta lile ulikuwa wangu. Nilimkemea dereva wa pikapu kwa kusema hakumuona mtoto, kisha nikasaidia kuweka njiani kitu ambacho hakuna awezaye kukiona. Tofauti yangu na Delft ilikuwa hapo. Wale walijenga kitu ambacho macho ya dereva yalikiona toka mbali. Sisi tulitega mtego.

Siku ya pili tulilivunja tuta lile kwa mikono yetu wenyewe, vijana na wazee, na gharama ya matibabu tukaichanga mtaa mzima. Si tuta lililokuwa kosa. Kosa lilikuwa kulifanya kwa hasira na gizani.

WANAOPINGA NAO WASIKIZWE

Katika siku zile niliwasikiliza pia wasioyataka matuta, nao wana hoja.

Dereva wa gari la wagonjwa husema kila tuta humtia mgonjwa maumivu na kumchelewesha. Ni kweli, na ndiyo sababu matuta yasipandwe ovyo kama mihogo, bali yawekwe mahali pa kuvukia, kwa kimo cha haki. Mama mjamzito katika tuktuk ataimaliza safari yake salama juu ya mgongo wa mviringo. Juu ya ukingo wa kisima, sivyo. Mwenye duka husema tuta huzuia maji ya mvua za masika yakamuingilia dukani. Ni kweli pia, nayo dawa yake ni kuacha upenyo wa maji pembeni. Ila upenyo huo ukiwa mpana, bodaboda watapita hapo hapo wakiwakumba waendao kwa miguu, kwa hiyo wekeni nguzo fupi ya kuwazuia. Mwenye bodaboda naye husema tuta humharibia chombo. Huyo nilimuuliza kwa mwendo gani, akacheka.

Tena tuta si dawa pekee. Mdomo wa njia waweza kupunguzwa upana ili gari liingie kwa adabu. Kivukio chaweza kuinuliwa hata kikawa sawa na ubao wa wapita kwa miguu. Mti waweza kupandwa, rangi yaweza kupakwa, na milango ya njia ya mkato yaweza kufungwa saa zile watoto watokapo chuoni na shuleni. Kila mtaa una mwili wake, na tabibu mwema humpima mgonjwa kabla ya kumpa dawa.

Na dawa ya asili ni ile ya hamali. Angekuwako kila dereva anayejua kwamba mwenye chombo kizito ndiye mwenye wajibu, tusingehitaji saruji. Tuta ni adabu iliyotiwa kokoto, baada ya ile adabu ya moyoni kutushinda. Si jambo la kujivunia, lakini mtu aliyekatika mguu haoni haya kushika mkongojo.

Barua ya tatu tumekwisha kuipeleka. Safari hii tumeambatisha daftari la hesabu, ramani ya mahali pa kuvukia, na maelezo ya kisa cha tuta la usiku bila kuficha hata sehemu yangu. Nyuma yake nimeandika beti tatu, kwa kuwa mazoea yana taabu:

Kalamu naishikia, waraka niwatumie,
Wenye mji nawambia, maneno myasikie,
Si mali twawalilia, si cheo mtupatie,
Twaomba tuta la njia, wana wetu wavukie.

Gari likikaribia, mwendo lijipunguzie,
Mzee akiingia, kwa pole ajipitie,
Hamali akipitia, rukwama ajivutie,
Twaomba tuta la njia, wana wetu wavukie.

Ajali mwasingizia, lawama mzikimbie,
Kinga tumewatajia, mikono muitumie,
Kabula hatujalia, kaburi tusifukie,
Twaomba tuta la njia, wana wetu wavukie.

Juma lililopita mhandisi alikuja. Alikuwa kijana mpole, akapima kwa utepe, akachora alama za chokaa mahali pawili katika zile tatu tulizoomba, akatikisa mikono ya watu akaenda zake. Mvua ya usiku ikazifuta alama zile, lakini fundi wetu alikwishazinakili katika daftari lake.

Na kila siku, alasiri ikisha kusaliwa, nyanya wa yule mtoto hutoka mlangoni mwake akasimama katikati ya njia. Hujitanda leso moja, na ya pili huishika mkononi akaitandaza mbele ya magari kama bendera. Magari husimama. Watoto huvuka mmoja mmoja na juzuu zao vifuani, wa mwisho wao akichechemea. Kisha yule mama huikunja leso yake akarudi ndani.

Umri wake umekwenda, na jua la alasiri ni kali. Haifai tumuache awe tuta letu siku zote.